Kitabu Tulichosema Hatunacho



Mwaka uliopita alitujia nyumbani kwetu hapa Bondeni, Nakuru, mama mmoja kutoka Gilgil, siku chache baada ya kumaliza eda yake, akifuatana na mwanawe wa kiume. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa madrasa na sahibu yetu wa miaka mingi. Baada ya kusalimiana na kumwombea marehemu dua, mama alieleza haja yake kwa sauti ya chini: "Maalim, marehemu alikuwa na kitabu chake cha Fat-hul Muin. Aliniambia kiko kwako. Mle ndani, ukurasa wa mwanzo, aliandika kwa mkono wake siku ya nikaha yetu na mahari iliyobaki nikimdai. Ndugu zake wataka mirathi igawanywe mwezi huu, nami sina karatasi nyingine."

Haja hiyo haikuwa ndogo. Mahari ambayo mume hakuimaliza ni deni shingoni mwake, na deni hutolewa katika mali ya maiti kabla ya mrithi yeyote kushika hata sufuria. Mama yule alikuwa akitafuta ushahidi wa haki yake.

Tulimjibu kwa bashasha, maana tulikuwa na jambo la kujivunia. Vitabu vyetu vyote, takriban mia tisa, vilikuwa vimekwisha kuingizwa katika hifadhidata, yaani daftari la vitabu lililomo ndani ya tarakilishi. Tukaketi mbele yake, tukaandika katika kisanduku cha kutafutia: Fathul Muin. Jibu likaja: hakuna. Tukaandika tena, Fat-hul Muin. Hakuna. Tukamgeukia mama na kumwambia kwa yakini ya mtu aliyekwisha kuhakikisha: "Mama, kitabu hicho hakiko kwetu. Tumetafuta kote." Hatukuinuka kutazama kabati hata moja.

Akasema, "Haya Maalim, Mungu atajaalia," akaacha chai nusu kikombe, akatoka na mwanawe kuwahi matatu ya Gilgil kabla jua halijatua.

Inafaa tueleze jinsi daftari hilo lilivyotengenezwa, kwani kosa lilianzia huko. Tulipohama Mombasa kuja kufundisha huku Bonde la Ufa tulikuja na masanduku mawili ya vitabu. Hewa ya Nakuru, mji ulio futi elfu sita juu ya bahari, ni rehema kwa karatasi. Ile ukungu na unyevu unaotafuna majalada huko kwetu pwani hapa hauna nguvu. Vitabu vikaongezeka. Vingine tulinunua, vingine tulitunukiwa, vingine tuliazimwa. Likizo moja ya Desemba vijana wetu wawili wakapewa kazi ya kuviandika vyote katika lahajedwali, mstari mmoja kwa kitabu kimoja: jina, mwandishi, kabati. Kila mmoja aliandika jina kama alivyolisikia sikioni mwake, wala hapakuwa na aliyewaambia waandike vipi. Kazi ilikwisha kwa wiki mbili, nasi tukawapa zawadi.

Jumamosi iliyofuata ile ziara, mwanetu wa kike anayesoma Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, alikuja nyumbani. Tukamsimulia habari ya mjane kama mtu anavyosimulia jambo lililokwisha. Yeye hakuliona kuwa limekwisha. Akafungua daftari, na badala ya kuandika jina zima akaandika herufi tatu tu: fat. Zikatoka safu nyingi, na miongoni mwazo kitabu kilichoandikwa Fat'hul Mu'in, chapa mpya ya Beirut tuliyoinunua wenyewe. Ritifaa mbili, vialama vidogo kama mbegu za ufuta, ndizo zilizokuwa zimekificha. Mtu anayesoma huziruka bila kujua ameziruka, lakini mashine huona kwamba herufi alizopewa na herufi ilizo nazo si sawasawa, ikanyamaza.

Hata hivyo kitabu hicho hakikuwa cha marehemu. Mtoto akauliza, "Baba, yawezekana Fat-hul Muin ikawa ndani ya kitabu kingine?"

Tuliona haya. Miaka thelathini twafundisha jambo hilo, na hatukulikumbuka siku ile. Fat-hul Muin ni kazi ya Sheikh Zainuddin wa Malibari, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 16 kutoka pwani ya Malabar huko India. Katika karne ya 19, Sayyid Bakri wa Makka aliandika maelezo marefu juu yake, juzuu nne, akayaita Ianatut Twalibin. Chapa za zamani za Kairo huyaweka maelezo ya Sayyid Bakri katikati ya ukurasa, na Fat-hul Muin yenyewe huchapwa pambizoni. Kwa hiyo mwalimu aliyeshika Iana mkononi alikuwa akisomesha Fat-hul Muin kutoka ukingoni, na mkewe aliyemsikia kila jioni angekiita kitabu hicho kwa jina gani lingine?

Binti akaandika talibin. Hakuna. Tukamkumbusha kwamba wengi wetu twaiandika ile toe nzito kwa tw. Akaondoa mwanzo wote, akabakisha alibin. Vikatoka Minhajut Twalibin ya Imamu Nawawi, na chini yake Iana, juzuu nne, kabati la pili, rafu ya chini. Tukaenda. Juzuu tatu zilikuwa na jalada jekundu la kwetu, na ya kwanza ilikuwa na jalada jeusi lililoshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia. Hapo ndipo ilipotujia yote. Juzuu yetu ya kwanza ilipotea zamani, na sahibu yetu alituazima ya kwake tumalize darasa. Darasa likaisha, kitabu kikabaki. Tukafungua ukurasa wa mwanzo, tukauona mwandiko wake.

Yaliyoandikwa pale ni ya wenyewe, hatutayasema. Ila twasema kwamba mama hakukosea neno hata moja.

Wapo watakaotwambia kwamba kosa ni la mashine, na kwamba wazee wetu walihifadhi vitabu bila haya yote. Hatukubali. Wazee wetu waliandika orodha, na waliandika kwa makini kutupita sisi. Ibn Nadim, mwuza vitabu wa Baghdad, aliandika Fihrist yake mwaka 377 wa Hijra, sawa na 987 Miladia, akaorodhesha vitabu vya Waislamu na vya wengineo pamoja na habari za waandishi wake. Vingi katika hivyo vimepotea, na kama si orodha ile hata majina yake tusingeyajua. Haji Khalifa wa Istanbul, katika karne ya 17, aliorodhesha zaidi ya vitabu elfu kumi na nne katika Kashfu Dhunun, akavipanga kwa herufi za mwanzo za majina. Watu hawa walijua kwamba kuorodhesha ni ilimu. Sisi tulidhani ni kazi ya watoto wa likizo.

Na tatizo la majina si la nyumbani kwetu peke yake. Aliye na simu na ajaribu kumtafuta Mwana Kupona, bibi yetu wa Siyu aliyemtungia bintiye utendi mashuhuri mwaka 1858. Wapo wanaomwandika kwa neno moja, Mwanakupona, na wapo wanaomwandika kwa maneno mawili. Kazi yake kuna anayeiita utendi na kuna anayeiita utenzi. Tena katika maktaba nyingine haipatikani kwa jina lake kabisa, bali chini ya Alice Werner na William Hichens walioitoa kwa Kiingereza mwaka 1934, au imo ndani ya kitabu cha J.W.T. Allen kiitwacho Tendi, cha mwaka 1971. Binti anayetaka kusoma maneno ya Mwana Kupona aweza kuambiwa hakuna, na kumbe yamo mara tatu.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mfasiri wa Qurani Takatifu iliyotolewa na Islamic Foundation Nairobi mwaka 1969, huandikwa Abdulla, Abdalla na Abdullah, Farsy na Farsi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetutolea gazeti la Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932, hukaa katika daftari moja na mwanawe Profesa Ali Mazrui, na vilevile na Profesa Alamin Mazrui mwenye Kilio cha Haki. Asiyeandika jina kamili la kila mmoja atawachanganya watu watatu. Na ukiwapanga wanavyuoni kwa neno al lililo mwanzoni mwa nisba zao, nusu ya kabati itaangukia herufi ya A. Kwetu ilikuwa hivyo.

Kwa vitabu vipya mambo ni mepesi. Kitabu cha leo kina namba yake ya kimataifa, ISBN, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu kumi na tatu, na simu ikielekezwa kwenye ile mistari myeusi iliyo nyuma ya jalada huleta jina, mwandishi na mchapishaji kwa mpigo. Lakini namba hizo zilianza kuenea duniani miaka ya 1970. Chapa ya Kairo ya babu yako au kijitabu cha maulidi kilichopigwa chapa Mombasa havina, wala simu haitakusaidia. Hapo ni macho yako na kalamu yako.

Mpangilio wa maktaba za serikali nao haukututosha. Maktaba ya taifa hapa Nakuru ni nzuri na twaipenda, lakini katika mpangilio wa Dewey, wa tangu mwaka 1876, Uislamu umewekwa chini ya namba moja, 297. Nyumba ambayo karibu vitabu vyake vyote ni vya namba hiyo itatofautisha nini? Tumeendelea na fani kama tulivyozisoma chuoni: tafsiri, hadithi, fiqhi, nahau, sira, na kabati moja la Kiswahili.

Basi tulilirudia daftari letu tangu mstari wa kwanza. Binti alikuwa akija kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na mama yake akakaa naye kusoma majalada, maana macho yake ni mazima kuliko yetu. Jina la kitabu sasa laandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu kama lilivyo kwenye jalada. Kisha laandikwa kwa herufi za Kirumi kwa tahajia moja tuliyokubaliana, na kando yake majina mengine yote ambayo watu hulitumia. Halafu kuna safu ambayo sisi hatuigusi. Humo programu yenyewe hunakili jina likiwa limevuliwa ritifaa, vistari na nafasi, na chochote unachotafuta nacho huvuliwa vivyo hivyo kabla ya kulinganishwa. Kwa upande wa Kiarabu ameifundisha isitenganishe alifu yenye hamza na alifu tupu, wala taa marbuta na haa ya mwisho, kwa kuwa chapa hazikubaliani juu ya hayo. Ukiandika fathulmuin, au Fat'hul Mu'in, au fat-hul muin, jibu ni moja.

Ipo safu ya yaliyomo ndani na pambizoni. Hiyo ndiyo iliyotuchosha kuliko zote, kwani ilibidi kila kitabu kifunguliwe. Tulikuta vijitabu vitatu vimeshonwa katika jalada moja, na kile cha katikati tulikuwa tumekinunua mara ya pili kwa kudhani hatunacho.

Lakini safu mbili ndizo tunazotaka mama zetu wazishike hata kama nyumbani kuna vitabu kumi tu na daftari la shilingi hamsini badala ya tarakilishi.

Ya kwanza ni safu ya mwenyewe. Kitabu hiki ni cha nani? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu cha kuazimwa kimo katika dhamana ya aliyekiazima. Kikiharibika au kupotea pasipo matumizi aliyoruhusiwa, hulipa, hata kama hakufanya uzembe. Kitabu cha wakfu nacho hakiuzwi wala hakirithiwi, na aghalabu neno wakfu limeandikwa ukurasa wa kwanza kwa wino uliofifia. Wasomi walioishughulikia miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambayo imepigwa picha kwa mradi wa British Library na sasa yatazamwa popote duniani, walizitilia maanani alama za namna hiyo, kwa sababu ndizo zinazoeleza kitabu kilitoka kwa nani na kiliwekwa kwa ajili ya nani. Sisi tulio na vitabu hivyo mikononi twazipita.

Mtu anapofariki, wanawe huingia chumbani, huona kabati la vitabu, nao husema: vitabu vya baba. Hugawana, au huvitoa sadaka kwa nia njema, au huviuza kwa kilo. Watajuaje kwamba vitano ni vya jirani, viwili ni vya wakfu wa msikiti wa Naivasha? Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, na katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe. Sisi tulizisomesha aya zote mbili tukiwa na juzuu ya mtu rafuni kwa miaka tisa.

Ya pili ni safu ya yaliyoandikwa kwa mkono. Katika nyumba zetu, kabla ya vyeti kuwa jambo la kila mtu, ukurasa mtupu wa Msahafu au wa kitabu cha fiqhi ulikuwa ndio ofisi ya familia. Humo ziliandikwa siku za kuzaliwa watoto, nikaha, vifo, shilingi alizokopeshwa fulani, hata siku ambayo mvua ilibomoa ukuta. Mara nyingi mwandishi alikuwa mume na msimulizi alikuwa mke. Tuliposaka upya tulikuta maandishi ya namna hiyo katika vitabu kumi na viwili, vinne vikiwa si vyetu. Kila ukurasa umepigwa picha kwa simu na picha hiyo imefungwa kwenye mstari wa kitabu chake. Waweza sasa kutafuta neno nikaha au mahari na ukaonyeshwa ukurasa. Mke wetu ametutaka picha hizo zisionekane na kila mgeni anayekuja kutafuta kitabu, naye amesema kweli; zimewekewa neno la siri.

Na kwa kuwa umeme wa mtaa wetu hupotea apendavyo, orodha nzima huchapwa kila Ramadhani na kuwekwa katika mkoba pamoja na wasia. Vijana walicheka. Siku tarakilishi ilipokataa kuwaka kwa wiki nzima wakaacha kucheka.

Turudi kwa mama wa Gilgil. Jioni ile ile tuliyoiona juzuu tulimpigia mwanawe simu, na asubuhi tukakipeleka kitabu wenyewe. Hatukuona heshima kumwita aje tena kwa safari ya pili juu ya kosa letu. Tukamtaka radhi mbele ya shemeji zake, kwani tulikuwa tumesikia kwamba walikwisha kuambiwa kitabu hakipo, na kwamba pengine hakijapata kuwapo. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakigeuzia upande wa mwanga wa dirisha. Kisha akamkabidhi shemeji yake mkubwa asome. Sisi tukaaga. Hesabu ilifanywa siku nyingine, wala hatukuhudhuria.

Mstari wa juzuu hiyo binti alikataa kuufuta. Katika safu ya mwenyewe pana jina la marehemu, na mbele yake neno kimerudishwa, pamoja na tarehe.

Tulipoitafuta safu hiyo kwa kila jina lisilo letu, vilitoka vitabu thelathini na kimoja. Kumi na tisa vimekwisha kurudi kwa wenyewe au kwa warithi wao, Nakuru, Njoro, Molo, na viwili vilitumwa kwa basi mpaka Malindi. Kumi na viwili vingali hapa. Kimoja kina nusu ya jina tu, nusu nyingine imeliwa na maji, na chini yake imeandikwa kwa penseli orodha ya watoto watano, wasichana watatu na wavulana wawili, na siku walizozaliwa. Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na kwingineko ambao wazee wao walipata kukaa Bondeni au Naivasha, na wanaokumbuka kitabu kilichotoka nyumbani kisirudi, watuletee habari kupitia ofisi ya jarida hili. Wakitaja majina ya watoto wale watano, tutajua kwamba ni wao.